Mchezaji Ajihukumu Mwenyewe

Wanafunzi wa parokia yetu walicheza kwa ngoma kifo cha Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa maasi ya Simba, akatangazwa Mwenye Heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Makofi yalikuwa mengi. Mimi pia nilipiga.

Kesho yake niliwauliza wachezaji: Je, mlicheza vema? Kijana aliyekuwa mkubwa wa askari akajibu: «Ndiyo, watu walicheka sana.» Kweli, alipepesuka kama mlevi, wala miguu yake haikukosa ngoma hata mara moja. Lakini je, watu wacheke pale bikira anapouawa? Akanyamaza, kisha akasema: «Nilicheza mlevi, sikucheza mwuaji.» Neno hilo lapita makofi yote.

Msichana aliyekuwa Anuarite alijihukumu kwa ukali zaidi. Alipoinua mikono kumsamehe mwuaji, macho yake yalimtafuta mama yake kati ya watazamaji. Mikono ilisamehe, macho hayakusamehe.

Basi, ninyi mnaocheza, msiulize kwanza: Je, nilipendeza? Ulizeni: Miguu yangu ilifuata ngoma? Uso na mikono vilisema neno moja? Watu walimwona yule niliyemwiga, ao waliniona mimi tu? Tumezoea kuchunguza dhamiri kila jioni. Tuchunguze na michezo yetu vilevile.

Wanafunzi watacheza tena siku ya sikukuu yake. Safari hii sitafanya haraka kupiga makofi.