Marisau Hayajui Geji

Ganda la shotigani ya .410 likilala kiganjani ni kama kidole cha mwisho. Ganda la geji 12 kando yake ni kidole gumba, tena cha mkulima. Hapo ndipo inapoanzia sifa ya bunduki hii: kijana anayejifunza hupewa .410, mzee mwenye bega bovu hupewa .410, na anayetaka kitu cha kulinda nyumba bila kuogopa teke lake naye huelekezwa huko huko. Kwamba teke lake ni dogo, ni kweli. Ila mnyama hapigwi kwa teke.

Jina lenyewe linahitaji maelezo. Geji hupatikana kwa kugawa pauni moja ya madini ya risasi katika mipira iliyo sawa. Ikigawanywa mipira 12, upana wa mpira mmoja ndio upana wa mtutu wa geji 12, yaani milimita 18.5 hivi. Ndiyo sababu namba ikipanda, mtutu unapungua. Shotigani ya .410 haikuingia kwenye hesabu hiyo. Ilibaki kuitwa kwa upana wake wa inchi, ambao ni milimita 10.4. Ingehesabiwa kama wenzake, ingekuwa geji 67.

Sasa lipasue ganda la inchi tatu kwa kisu kikali. Marisau namba 6 yatakayomwagika mezani ni gramu 19.5, punje kama 155. Ganda la kawaida la geji 12 litamwaga gramu 32, punje zipatazo 250. Chukua punje moja huku na moja kule, uzichanganye. Hutaweza kuzitenganisha tena. Zikiruka kwa mwendo ule ule, zitaingia nyamani kina kile kile. Kwa hiyo anayesema .410 haina nguvu amekosea mahali pa kulaumu. Tatizo liko kwenye idadi ya punje, na kwenye namna punje hizo zinavyosafiri.

Gramu 19.5 ndani ya bomba jembamba husimama kama mnara, karibu mara mbili ya kimo cha marisau ya geji 12. Baruti inapolipuka, punje za chini zinabeba uzito wa mnara mzima kwa ghafla. Na .410 hulipuka kwa shinikizo kubwa kuliko geji 12: kiwango cha juu cha Marekani kwa ganda la inchi tatu ni 13,500 kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba, wakati geji 12 ya kawaida ni 11,500. Punje za chini zinabonyea, na punje iliyobonyea haiendi moja kwa moja. Inapepea pembeni kama jiwe bapa. Zilizobaki salama hufika zikiwa zimetawanyika kwenye mstari mrefu, za mbele zikitangulia za nyuma.

Asiyeamini atundike karatasi ya kaki, achore duara la sentimita 76, arudi nyuma mita 35, afyatue. Geji 12 iliyobanwa vizuri mdomoni italijaza duara matundu. Kwenye karatasi ya .410 utaona mianya ambayo kwale mzima angepita bila unyoya kuguswa. Sogea hadi mita 20 na mambo yanabadilika. Pale matundu yanakaribiana, na kanga, pamoja na ugumu wake wote, anaanguka. Si ajabu kwamba katika mashindano ya Marekani ya kulenga visahani vya udongo kuna daraja maalumu la .410, kwa gramu 14 tu za marisau, na wapo wanaovunja visahani vyote 100. Visahani hivyo hupigwa kwa takriban mita 20. Wanaoviweza ni mafundi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wa bunduki: kumpa anayeanza bunduki isiyosamehe kosa ni kumkatisha tamaa. Ndege kumi atawakosa, wa kumi na moja atamjeruhi tu, akafie vichakani.

Kwa wanyama wakubwa maelezo ni mafupi. Risasi moja nzima ya .410 ina uzito wa gramu 5.7 hadi 7, ile ya geji 12 ni gramu 28. Nguvu yake mdomoni ni kama jouli 900 dhidi ya 3,300. Nguruwe-pori aliyekasirika haombwi kwa jouli 900.

Kujilinda ni habari nyingine, na watu wengi huchanganya silaha mbili. Kwenye bunduki ndefu, ganda la inchi tatu hubeba gololi tano za milimita 9, zimepangwa moja juu ya nyingine. Kila moja ina gramu 4.5, na ikitoka kwa mita 370 kwa sekunde hubeba jouli 300 hivi. Kwa umbali wa chumba zote hutua ndani ya upana wa kiganja. Hiyo si silaha ya mzaha, hata kama geji 12 hutema gololi tisa.

Silaha ya pili ni rivolva. Mwaka 2006 kampuni ya Taurus ya Brazil ilitoa mfano ulioitwa Judge, jina lililotokana, kwa maelezo yao, na mahakimu wa Miami walioipenda; Smith & Wesson wakafuata na Governor mwaka 2011. Chemba za rivolva hizi hupokea ganda la .410 au risasi ya .45 Colt. Wazo linavutia, lakini fuatilia kinachotokea ndani. Mtutu una urefu wa sentimita 7 na ushei, kwa hiyo baruti haipati nafasi ya kusukuma. Gololi hutoka kwa mita 260 kwa sekunde, na kwa kuwa nguvu hufuata mwendo kwa kipeo cha pili, jouli 300 zinakuwa 150, hadhi ya risasi ya .22. Tena mtutu una upana wa .45, mpana kuliko marisau yanavyotaka, na una mikato ya kuzungusha risasi. Marisau yaliyozungushwa yakitoka hutawanyika na kuacha tundu katikati, kama andazi la duara.

Watengenezaji walijibu kwa ubunifu. Winchester walipanga visahani vitatu bapa na punje 12 nyuma yake. Wengine walirudi kwenye gololi nne. Kipimo wanachotumia polisi wa Marekani ni jelatini: risasi iingie walau sentimita 30. Gololi kwa kawaida hufika, hata kutoka kwenye rivolva. Marisau madogo hayafiki, hukwama juu juu. Mwenye Judge aliyejaza marisau ya ndege amebeba dawa ya nyoka. Kwa nyoka, nakiri, ni dawa nzuri.

Kwa uwindaji, kilichobadilisha hesabu ni madini tu. Marisau ya tungsteni huwa na uzito wa gramu 18 hivi kwa sentimita ya ujazo, madini ya risasi 11.3. Punje ndogo ya namba 9, milimita mbili, hupenya kama punje kubwa ya risasi, na kwa kuwa ni ndogo zinaingia karibu 300 katika ganda moja la .410; tena ni ngumu, hazibonyei mnarani. Wawindaji wa bata mzinga wa Marekani sasa wanaangusha ndege kwa .410 katika umbali ambao zamani wangechekwa. Ganda moja ni dola kadhaa, na boksi ni maganda matano. Kufanya mazoezi nayo hakuna anayethubutu. Mazoezi wanafanya kwa madini ya risasi, kisha wanabadilisha asubuhi ya kuwinda na kuomba marisau yasitue pengine.