Pongezi kwa Waliomuumba Pilot

Hongera ziwafikie mafundi wa Jim Henson's Creature Shop, waliounda viumbe wa tamthilia ya Farscape, iliyopigwa picha Australia na kurushwa kuanzia 1999 hadi 2003. Wengine humbandika mwigizaji matuta kwenye paji la uso, basi, katoka sayari nyingine. Hawa waliuliza kwanza: kiumbe huyu anaishi vipi? Mmoja wa viumbe wao, Pilot, mwenye mikono minne, ameungana kimwili na Moya, chombo cha angani kilicho hai. Akitenganishwa nacho hawezi kuishi muda mrefu. Hofu yake, uchovu wake, hata upole wake, vimo katika muungano huo. Ni kikaragosi kilichoendeshwa na watu kadhaa, lakini macho yake yanakutia huruma ya kweli. Anayetaka kubuni viumbe wa televisheni na aanze kwa kumtazama Pilot.