Haijafa, Ina Kiu

Mwezi ukipevuka, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hubaki nchi kavu. Dagaa hufuata taa gizani, na penye mbalamwezi taa haina kazi. Siku hizo ndizo za mavuno kwa mafundi wa tochi wa Kirumba, Mwanza, maana kila ambaye tochi yake ilimfifilia majini huileta mezani kabla giza halijarudi. Napenda kukaa kwenye benchi la fundi mmoja wa pale, mzee asiye na maneno mengi, nikiangalia anavyozipokea. Mteja husema, "Shikamoo mzee. Hii imekufa." Naye, bila kuinua macho: "Marahaba. Haijafa, ina kiu."

Na kweli ina kiu. Tochi nyingi za kuchaji za bei nafuu hubeba kibetri cha risasi na asidi cha volti 4, ndugu yake betri ya gari kwa kila kitu isipokuwa umbo. Kikizidishiwa chaji, maji yaliyomo hugeuka hewa na kutoka, sahani za risasi zikabaki kavu. Mzee hukishika kibetri kwa mkono wa kushoto, akabandua kifuniko cha juu kwa ncha ya kisu, taratibu, maana plastiki ile ikipasuka haifungiki tena. Chini yake kuna vizibo viwili vya mpira. Huving'oa, akavuta maji ya betri kwa bomba la sindano, akadondosha tone, akasubiri linywewe, akadondosha jingine. Kusubiri huko ndiko kunakonivutia. Mwenye haraka angejaza mpaka yafurike, asidi itoke ikale waya. Mzee hulitazama lile shashi lililobanwa kati ya sahani linavyolowa. Likishalowa bila maji kuelea juu yake, basi. Vizibo hurudi, kibetri huachwa kwenye chaji ya polepole usiku kucha.

Vipo visivyokubali. Kibetri kilichosahauliwa kabatini bila chaji kwa miezi mingi, sahani zake zikavaa utando wa sulfeti, hakirudi hata kikinyweshwa ziwa zima. Hapo huanza kazi ya pili: kutoa risasi, kuweka lithiamu. Betri ya risasi ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859. Seli ya lithiamu-ioni ilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991. Juu ya meza ile zinakutana kila siku, na hazipatani. Chaja iliyo ndani ya tochi, ile yenye meno mawili yanayochomoza kitakoni, ilitengenezwa kwa ajili ya risasi na haijui kusimama. Seli ya lithiamu ikivushwa volti 4.2 huanza kuumia, na ukizidi kuilazimisha inaweza kushika moto. Wapo wanaochomeka seli tu, wakafunga, wakapokea hela yao. Mzee hung'oa chaja yote, akaweka kibao kidogo chenye tundu la chaja ya simu, kinachojikatia chenyewe seli ikijaa.

Seli huzitoa kwenye betri za laptopu zilizotupwa. Mara nyingi betri ya namna hiyo huuawa na seli moja au mbili, wenzake wakazikwa nao wangali hai. Huzichaji, akaandika volti ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, akaziacha ndani ya kopo wiki nzima bila kuziunganisha na chochote, kisha akazipima upya. Iliyoshuka yenyewe inavuja ndani kwa ndani, naye huiweka kando hata kama leo ingewaka vizuri kabisa. Na anapokata vipande vya nikeli vilivyoziunganisha, huacha ncha fupi kila upande ili alehemu kwenye ncha, joto lisiingie ndani ya seli. Kazi hiyo mteja hataiona kamwe.

Madukani kuna seli mpya zilizoandikwa miliampea-saa 9,900. Kwa umbo la seli hizo, milimita 18 kwa 65, zile bora hufika 3,500 hivi. Mteja akimletea moja, mzee hasomi maandishi, huilaza kiganjani. Ya kweli ina gramu 45 au karibu na hapo. Nyepesi huirudisha kwa mwenyewe, naye mwenyewe huelewa.

Sisi wa rika langu subira hii tuliikuta nyumbani. Mawe ya tochi yakichoka yalianikwa juu ya bati, jua likayapiga kutwa, jioni yakarudishwa yatoe mwanga mwekundu wa kumfikisha mtu chooni. Kila mtoto alijua jiwe lipi ndilo lililoishiwa zaidi, na lipi la kutanguliza. Umaskini, ndiyo, lakini ulitufundisha kukifungua kitu kabla ya kukitupa.

Tochi nyingi za sasa hazina skrubu. Mwili wake umeunganishwa kwa gundi, na anayetaka kuingia lazima aupasue. Mzee hupitisha msumeno mwembamba kwenye mshono, akatengeneza, akagandisha upya, lakini iliyopasuliwa haizuii tena maji kama zamani, na mvuvi atafanya nini na tochi inayoogopa maji? Gharama ya kuitengeneza inakaribia bei ya mpya, basi anunue mpya. Aliyeibuni hakuzisahau zile skrubu. Alipiga hesabu, akaona tochi inayofunguka haimpi mteja sababu ya kurudi dukani. Zilizokufa utaziona zimetupwa ufukweni, risasi yake ndani, mahali watoto wanapochezea.

Vijana waliojifunza kwa mzee wamehamia kwenye simu, kubadilisha vioo. Siwalaumu. Kioo kinalipa, kinaisha mteja akiwa amesimama pale pale, na hakuna kopo la kusubiri wiki nzima. Ila bado sijamwona hata mmoja wao akikataa kuuza kitu kinachowaka vizuri kwa sababu tu amekipima na kujua hakitafika mwezi ujao.