Kasongo yupi? Kutafuta nkambo painia mwenye jina la watu wote

Hapa kwetu Lubumbashi, karibu kila jamaa iko na nkambo mmoja ambaye tunamwita painia: ule aliyetoka mu mugini, akafika kwa kazi ya shaba, akabaki. Siku ya kilio, watu wakisha kukaa, jina lake linatajwa mbele ya majina mengine yote. Kwetu siye anaitwa Kasongo. Na njo pale taabu inaanza.

Tuangalie kwanza jina lenyewe. Kasongo Kalombo alikuwa mulopwe wa Waluba wakati Mwingereza Cameron alipopita kwake mwaka 1874. Kasongo wa Nyembo ni ukubwa wa upande wa Kamina. Kasongo ni tena mji wa Maniema, ule ambao askari wa Dhanis waliingia mwaka 1893. Kasongo-Lunda iko mbali kabisa, mu Kwango. Na Wasongye vilevile wanaita watoto wao Kasongo. Basi mtu akisema «nkambo yetu alikuwa Kasongo», hajasema kitu bado.

Mu kurasa hizi nataka kuchambua zile «historia za jamaa» ambazo zinaandikwa sana siku hizi, zinapigwa na mashini, na kusomwa siku ya ndoa ao ya kilio. Sizizarau. Ni vizuri watu waandike. Lakini mimi ninafundisha historia, na mwanafunzi wangu akiniletea kazi ya namna ile, ningemrudishia. Ninaona makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kuamini jina peke yake. Kwa wazee wetu jina halikupita toka baba kwenda kwa mtoto sawa kwa Wazungu. Mtoto alipewa jina la nkambo, akawa ndoyi yake. Kasongo anazaa Ilunga, Ilunga anazaa Kasongo, na jina linarudi hivyo. Mwandishi asiyeangalia anawaunganisha wawili kuwa mtu mmoja. Niliona karatasi moja ambamo Kasongo anafanya kazi wakati shaba ya kwanza inayeyushwa hapa, mwaka 1911, na Kasongo huyo huyo anazaa mtoto kiisha uhuru! Ongeza na kalani wa zamani, aliyeandika paka vile alivyosikia: Kasongo, Kassongo. Ongeza tena mwaka 1972, wakati Authenticité ilipoondoa majina ya kikristu. Wengi walitupa Pierre ao Joseph, na kumbe ni jina lile lililotenga Kasongo mmoja na mwingine mu buku ya ubatizo.

Kosa la pili ni kutafuta ukubwa. Mu karatasi hizi kila painia ni mtoto wa mulopwe. Tujiulize basi: ni nani aliyetumwa ku kazi ya Wazungu? Kuanzia 1910 Bourse du Travail du Katanga ilipita mu migini kutafuta watu, na wakubwa wa mugini waliombwa watoe vijana. Mkubwa gani angetoa kwanza mtoto wa nyumba yake? Wengi walioondoka walikuwa watu wadogo, ao watu wenye deni, ao vijana waliokimbia kodi. Hakuna haya mu jambo hilo. Mji huu walijenga wao.

Kosa la tatu ni kubwa zaidi, na linanigusa mimi mwenyewe: kuandika juu ya woga. Karatasi ya jamaa yetu iliandikwa na baba mudogo mwaka 1993. Inasema Kasongo alitoka mu nyumba ya mulopwe, Kamina. Tukumbuke wakati ule. Mu 1992 na 1993, watu walioitwa wa Kasai walifukuzwa mu Likasi na Kolwezi, wakalala ku gare na watoto wao. Mtu aliulizwa: «Wewe ni wa wapi?» Kasongo ni jina linalopatikana mu Katanga na mu Kasai, halikuweza kumlinda mtu wala kumhukumu. Karatasi ya baba mudogo ilijaza pengo hilo. Ninamuelewa kabisa. Lakini woga hauwezi kuwa ushahidi.

Mama mukubwa alicheka wakati tulimsomea. Akasema: «Ule baba, akikasirika, alikuwa anahesabu na Kisongye. Mutu wa Kamina atahesabia Kisongye juu ya nini?» Kiisha akafungua sanduku yake, akatoa buku ya kazi iliyoliwa na mende. Jina: Kassongo. Mwaka: 1929, wakati Union Minière ilikuwa imeanza kontra za miaka mitatu na kuruhusu mtu aje na bibi yake. Nimero yake ya kazi inasomeka. Territoire: Kabinda.

Na hapa historia inatufundisha kitu ambacho woga ulitufichia. Mwaka 1929 Kabinda ilikuwa mu distrikti ya Lomami, na Lomami ilikuwa chini ya Katanga. Ni mu 1933 njo ilihamishwa, ikatiwa mu provinsi ya Lusambo. Nkambo alifika hapa mtu wa Katanga, kiisha miaka ine, bila kuinua mguu, akawa mtu wa Kasai.

Kuko mfano bora wa kufuata. Mu 1965 André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa jina la chama cha maboyi wa zamani, mu Kiswahili cha hapa hapa. Johannes Fabian aliitoa kitabu mu 1990. Ukiisoma kwa kutafuta tarehe, utachoka, juu mambo mengine yamechanganyika. Lakini tazama namna inavyoshika watu: alitumika kwa bwana gani, walifuatana njia gani, waliishi namna gani. Wale wazee hawakuona haya kusema «tulikuwa maboyi». Karatasi zetu zimekosa ushujaa huo.

Basi, mwenye Kasongo wake, Ilunga ao Ngoy wake, asianze na jina. Aulize jina la mama yake, maana wawili wenye jina moja si mara nyingi wanakuwa na mama wa jina moja. Aulize mugini, mto, mkubwa wa mugini. Atafute nimero ya kazi, jina la ubatizo na jina la parrain. Aulize majirani wa kambi walimwita nani. Aulize alihesabu, alilia na aliota mu luga gani. Na mahali asipojua, aandike «labda». Neno hilo halifanye mtu kuwa mdogo.

Baba mudogo alitaka kuandika «Mwana wa Mulopwe» ku jiwe la kaburi, na akanipa mimi maneno niyasahihishe. Nilikataa, na ku kilio kilichofuata hakunipa mkono. Jiwe limekwisha kuwekwa. Linasema Kasongo, nimero ya kazi, Kabinda, 1929. Siku ile baba mudogo hakukuja, lakini alituma pesa ya simenti.