Hongera, Fundi Mwenye Pua
Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mbio za Safari mwaka 1962, lina tanki mbele, injini nyuma, na bomba la petroli linalopita katikati ya viti. Harufu ikianza, utaitafuta wapi? Wengi hukimbilia kubadilisha kabureta, wakala hasara. Fundi wangu hakushika spana kwanza. Aliinama, akanusa, akapitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. "Mzee, inanuka zaidi ukijaza tanki?" Ndiyo, tena kwenye kona! Akafungua boneti ya mbele, akaubinya mpira wa shingo ya tanki. Ukamomonyoka kama biskuti. Mpira mpya, klipu mbili, basi. Hongera, fundi. Na wewe msomaji, petroli ikinuka usiwashe hata kiberiti, mwite yeye.