Paa Liondokalo na Kifuniko cha Injini: Namna ya Kuupima Ustadi wa Gari la Michezo

Gari la kawaida hupimwa kwa nguvu za mtambo wake, kwa uzuri wa umbo lake na kwa uvumilivu wake njiani. Lakini lile gari la michezo la viti viwili, ambalo injini yake imewekwa nyuma ya mgongo wa dereva na paa lake huondolewa kwa mikono siku ya jua, lina mizani ya pekee juu ya hizo zote, kwa kuwa limeundwa makusudi ili baadhi ya viungo vyake viachane na mwili na kuurudia mara kwa mara. Mjuzi anayelikagua gari la namna hiyo hana haja ya kuanza kwa kuiwasha injini. Na alifungue paa, alitafutie mahali pake, akiinue kifuniko cha injini, kisha avirudishe vyote kama vilivyokuwa. Na katika kazi hiyo ya mikono atapata ithibati ya mambo ambayo mwendo wa maili mia barabarani ungeweza kumficha. Aliyelichora gari ama alijua, ama hakujua, kwamba kitu kiondokacho sharti kiwe na makao mawili, ya kazi na ya mapumziko. Na fundi aliyelitunza baadaye ama alikuwa na adabu ya kazi, ama hakuwa nayo.

Fikra ya paa la vipande ni ya zamani kidogo. Mchoraji wa magari wa Marekani, Gordon Buehrig, ambaye jina lake lilikwisha kuvuma kwa ajili ya magari ya Auburn na Cord kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, alilitia paa la aina hiyo katika gari la majaribio lililoitwa Tasco, la mwaka 1948, na mwaka 1951 akapewa hataza ya uvumbuzi wake: mapande mawili juu ya vichwa vya abiria, na mhimili mmoja katikati utokao juu ya kioo cha mbele hadi nyuma ya viti. Chevrolet Corvette ya mwaka 1968 iliufuata mpango huo, wala mhimili wake haukuwa pambo, maana bodi iliyokatwa paa zima hujipinda gari linapopita penye mashimo, na chuma kinachoishika mbele na nyuma hulipunguza hilo. Waundaji wa Ulaya aghalabu walipendelea kuuacha upande wa juu wazi kabisa, kama ilivyokuwa katika Porsche 911 Targa, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1965 na kupewa jina la mashindano ya Targa Florio ya Sicily. Wao waliuweka upinde mpana nyuma ya viti, na kuiachia sakafu na mihimili ya ubavuni kazi ya kuushika mwili.

Hapo ndipo linapozuka swali la makao, na ndipo waundaji wanapotofautiana daraja. Triumph TR4 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1961 kwa mchoro wa Giovanni Michelotti, ilipewa paa gumu la kuondolewa, zuri la kupendeza, walakini paa hilo halikuweza kuingia popote ndani ya gari. Mwenyewe alilazimika kuliacha nyumbani, na kuchukua kwenye buti kitambaa na fremu yake nyepesi ili ajikinge na mvua ya ghafla. Silidharau gari lile, kwa maana lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo katika njia hiyo. Ila paa linalobaki nyumbani ni nusu ya paa. Ferrari 308 GTS, iliyodhihirishwa mwaka 1977, ililipata jibu lililo bora zaidi kwa kulisimamisha paa wima nyuma ya viti, ndani ya vazi lake la kulikinga, ingawa kulifikisha hapo kunataka viti visogezwe na mikono iwe na subira. Fiat X1/9, ambayo Marcello Gandini aliichora katika karakhana ya Bertone na ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1972 ikiwa na injini ndogo ya sentimita za ujazo 1290, ililaza paa lake katika buti la mbele, juu ya mizigo, nalo likatulia humo pasina kelele.

Lakini gari ambalo mimi ningelitanguliza mbele ya yote katika jambo hili ni Porsche 914, tunda la ushirika wa Volkswagen na Porsche, lililotoka mwaka 1969 na kuundwa hadi 1976, ambalo bodi zake zilitengenezwa na Karmann wa Osnabrück. Injini yake imelala katikati, kati ya viti na ekseli ya nyuma, na kwa hiyo gari lina mabuti mawili, moja mbele na moja nyuma. Na paa lake, ambalo ni kipande kimoja cha faiba cheusi chenye uso wa kukwaruza, jepesi kiasi cha mtu mmoja kulibeba bila ya kuomba msaada, huingia katika buti la nyuma na kushikwa juu, chini kidogo ya kifuniko, hata masanduku ya msafiri yakabaki chini yake bila ya kuguswa. Tazama ilivyo tadbiri hiyo: abiria hawapotezi nafasi miguuni, mizigo haitolewi, paa halilaliwi na kitu, na mvua ikianza kunyesha njiani dereva hulifikia pasipo kuliondoa lolote mbele yake. Mengi ya magari yaliyokuja baadaye, ya bei kubwa maradufu, hayakuufikia usawa huo.

Anayetaka kulipima gari kwa kipimo hiki na aanze na makomeo. Paa jema hukaa kwanza kwa upande mmoja, ndimi zake zikiingia katika vishimo vyake juu ya kioo cha mbele, kisha hushushwa nyuma kwa uzito wake lenyewe, ndipo makomeo yafungwe kwa nguvu za vidole. Komeo linalotaka kupigwa kwa kiganja limekwisha kutoa habari: ama mpira wa ukingo ni mgeni, umenunuliwa mnene kuliko ule wa asili, ama paa limetoka katika gari jingine, jambo ambalo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, kwani kila bodi ina tofauti zake ndogo, ama mwili wenyewe umelegea. Kuitenga sababu moja na nyingine ni kazi ya mjuzi, na njia yake ni milango. Funga mlango paa likiwa juu, usikilize sauti yake. Kisha liondoe paa, ufunge tena, na utazame mwanya ulio juu ya mlango, upande wa nyuma. Mwanya huo ukipungua paa likiwa nje, au kitasa kikiinuka kikawa hakilengi tena mahali pake, mihimili ya ubavuni imekwisha kuliwa, na gari linajikunja katikati kwa uzito wake. Hapana rangi mpya inayoweza kulificha hilo, wala hapana muuzaji awezaye kulizungumza likaondoka.

Hayo yanatufikisha kwenye kifuniko cha injini, ambacho katika magari ya namna hii ni chembamba na kimekaa pahali pabaya, nyuma tu ya kioo cha nyuma, penye joto linalopanda na mvua inayoshuka. Injini iliyofungiwa katikati ya gari haipati upepo wa mbele kama ipatavyo injini ya kawaida. Joto lake sharti litoke juu, na kwa hiyo kifuniko hutobolewa au huwekewa wavu. Lakini tundu linalotoa joto ndilo hilo hilo linaloingiza maji. Ustadi wa mchoraji hudhihirika katika namna alivyoyapatanisha mambo hayo mawili yanayopingana. Katika 914 za silinda nne kiliwekwa kikingio cha mvua chini ya wavu, ili maji yaelekezwe pembeni. Na wamiliki wengi, kwa kukiona kinawazuia kuifikia injini, wamekitoa na kukitupa. Mimi nikilikuta gari ambalo kikingio chake kipo bado, huliheshimu zaidi, maana ni dalili ya mikono iliyoelewa kwamba mchoraji hakukiweka bure.

Kuna sababu ya pili ya kukithamini. Betri ya gari lile imekaa chini ya kifuniko hicho, upande wa kulia, na maji ya mvua yakiipitia hushuka pamoja na tindikali yake hadi juu ya mhimili wa chuma unaoubeba mwili wa gari na kuishika sehemu ya springi za nyuma. Wapenzi wa 914 wanapaita mahali hapo shimo la jahanamu, na hawakuzidisha chumvi. Kila mnunuzi anayeinua kifuniko kwa mara ya kwanza hutazama injini, kwa kuwa injini inang'aa. Mjuzi huupeleka mkono wake pembeni, chini ya betri, akapapasa kwa vidole, na kama bati linapwaya au limefunikwa kwa rangi nzito ya lami iliyopakwa juzi, huanza kufikiri upya juu ya bei.

Kukiondoa kifuniko chenyewe ni kazi ndogo ambayo imeharibu magari mengi mazuri. Kabla ya spana kuigusa bolti, fundi mwenye adabu hutandika blanketi juu ya bodi pande zote mbili, kisha huzungushia kila bawaba mstari wa penseli, ili siku ya kurudisha ajue pale hasa ilipokaa. Huchomoa waya wa taa na kishikizo cha kuinulia ikiwa vipo. Humwita mwenzake ashike upande wa pili, hata kama kifuniko ni chepesi, kwani hatari yake haitoki katika uzito, inatoka katika pembe inayokwaruza rangi wakati bolti ya mwisho inapoachia. Bolti hurudishwa katika matundu yake pamoja na washa zake, ili zisichanganyike na nyingine. Wakati wa kufunga, zote huingizwa kwa vidole kwanza, kifuniko kikashushwa na kutazamwa mianya yake, ndipo zikazwe. Nao mnunuzi anaweza kuisoma historia hiyo yote katika vichwa vya bolti peke yake: ikiwa rangi ya kiwandani imo bado katika pembe zake, kifuniko hakijaondoka, ikiwa zimekwaruzwa na mstari wa bawaba haulingani na kivuli cha rangi ya zamani, kimeondoka, na ni haki ya mnunuzi kuuliza sababu. Kuitoa injini ni sababu ya halali. Kugongwa nyuma ni sababu nyingine kabisa.

Tukirudi kwenye paa, namtaja Mjapani hapa kwa taadhima, maana Toyota MR2 ya kizazi cha pili, iliyoundwa kuanzia mwaka 1989 hadi 1999, ilikuja na chaguo la mapande mawili ya vioo yenye mhimili katikati, kwa mtindo wa Buehrig, na kila kioo kikapewa mahali pake nyuma ya viti. Kioo ni kizito kuliko faiba na hakisamehe. Kikiwekwa kwa pembe yake juu ya saruji, humeguka. Mapande hayo hayabadilishani, la kulia ni la kulia na la kushoto ni la kushoto, na vifuko vyake ni sehemu ya gari kama yalivyo magurudumu. Gari linalouzwa bila ya vifuko hivyo aghalabu lina mikwaruzo katika vioo vyake, nayo huonekana vizuri jua likiwa upande.

Paa litakalokaa nje ya gari kwa miezi lisiegemezwe ukutani wala lisilazwe juu ya mpira wake, kwa sababu faiba hujipinda polepole katika joto na mpira ulioshindiliwa hausimami tena. Lilazwe juu ya mihimili miwili mipana yenye kitambaa, inayoufuata mviringo wake, mbali na jua. Mpira usafishwe kwa maji na sabuni laini, ukaushwe, kisha upakwe grisi ya silikoni kidogo. Mafuta yatokanayo na petroliamu huuvimbisha na kuuharibu, ijapokuwa siku ya kwanza huufanya ung'ae. Kwa anayeishi pwani, penye chumvi hewani mwaka mzima, ni vema makomeo na bawaba nayo yafutwe na kupakwa grisi kila yanapofunguliwa.

Jaribio la mwisho ni la maji. Rudisha kila kitu mahali pake, mtu mmoja aketi ndani na karatasi kavu magotini, na mwingine amimine maji kwa mpira wa bustani, polepole, akianzia juu ya kioo cha mbele na kuuzunguka ukingo wote wa paa, bila ya kuyarusha kwa nguvu. Tone likionekana katika pembe moja tu, komeo la pembe hiyo lirekebishwe na maji yamiminwe tena kabla ya kununua mpira mpya. Likionekana ukingo mzima, mpira umekwisha. Na likionekana katika pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, yamkini bodi yenyewe imejisokota, nayo ipimwe na fundi wa bodi kabla ya bei kutajwa.