Mtamba Hupimwa Oktoba

Mwezi Machi kila mtamba wa Didia, Shinyanga, anapendeza. Ngozi inang'aa, mbavu hazionekani, na mwenye ng'ombe anataja bei bila kusita. Anayetaka kujua nani analisha kwa ustadi aende Oktoba, mbuga imekauka na ng'ombe wanategemea ngitili.

Akague ngitili kwanza. Wasukuma wametenga malisho haya ya kiangazi tangu zamani, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986, ulisaidia kuyarejesha Shinyanga. Ngitili nzuri bado ina nyasi zilizosimama, na migunga inayodondosha maganda. Lakini nyasi zikikauka, protini yake huweza kushuka chini ya asilimia 7. Vijidudu vya tumboni vinavyovunja nyasi hukosa chakula, na mtamba hukonda akiwa katikati ya malisho. Nusu kilo hadi kilo moja ya mashudu kwa siku huviamsha vijidudu hivyo, naye akala nyasi zaidi. Ndiyo maana nashauri kuangalia nyasi kabla ya gunia: pasipo nyasi, kiasi hicho cha mashudu hakimtoshi mtamba.

Mashudu ya pamba ni bahati ya ukanda huu wenye viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mbegu zake. Yashike mkononi. Mazuri yana rangi ya njano iliyokoza na harufu ya mafuta. Yakiwa ya kahawia nzito yameungua kiwandani, na protini yake haimeng'enywi vizuri. Maganda meusi na nyuzi zikizidi, umenunua maganda. Yakinuka uvundo au yakiwa na ukungu, yaache, hata ukipunguziwa bei: sumukuvu haiondoki kwa kuanika juani. Kidogo kitie kwenye maji; mchanga utatua chini. Pumba za mpunga zifumbate: nzuri hushikamana, zilizochanganywa na maganda yaliyosagwa humwagika na huchoma ulimi. Nunua za karibuni, maana mafuta yake huchacha upesi.

Mtamba anayetafuna mifupa malishoni anakutangazia upungufu wa fosforasi. Chumvi peke yake haitamtibu. Anahitaji madini yenye fosforasi.

Sasa mtazame mtamba mwenyewe, na hapa wengi hudanganyika kwa unene. Mimi hutazama urefu wa mgongo na upana wa nyonga, kwa sababu mfupa ndio unaoonyesha kwamba amekua, na nyonga ndiyo njia ya ndama. Mtamba mfupi aliyenona amelishwa pumba nyingi na protini kidogo. Mpime kifua kwa utepe kila mwezi ukadirie uzito: asipandwe na dume kabla ya kufikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe wakubwa wa boma lenu. Kama hao wana kilo 250, msubirie afike 150 na ushei.

Mtamba ambaye hakupoteza kilo Oktoba huanza joto mapema: anasimama akipandwa na wenzake, ute angavu unaning'inia. Akishika mimba Februari, atazaa Novemba au Desemba, majani mabichi yakiwa yameanza kuota. Aliyekonda hutumia mvua zote kurudisha mwili, na mwaka unampita bila mimba. Kwa hiyo mashudu yanunuliwe Julai au Agosti, viwanda vikiwa kazini, kabla wanunuzi hawajagombania magunia.